Ushahidi wa Mtoki

Jumatatu, 4 Machi
Nimewasilisha ombi la kuhamishwa kutoka masjala, ghorofa ya tatu, hadi meza ya mapokezi, chini. Sababu: kabati la mafaili liliangukia kisigino changu cha kushoto, upande wa nje, nikitekeleza majukumu. Kabati halikuanguka. Kidole gumba cha mguu huo ndicho kilichochubuliwa na viatu vya shemeji, nilivyoviazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Lakini kiatu si ajali ya kazini. Kisigino nimekifunga bendeji. Meza hiyo anaitamani pia Bibi Mihuri, mgongaji mihuri wetu, mwenye magoti mabovu ya kweli. Kuumwa kwake kweli ni hila tupu.

Jumanne, 5 Machi
Uvimbe kinenani, kushoto, mfano wa gololi. Unauma. Nimeandika wosia. Mke wangu asema ni mtoki tu, hata watoto huupata, na kwamba baiskeli moja haihitaji wosia wa kurasa tatu.

Jumatano, 6 Machi
Mkuu ameagiza tabibu wa idara athibitishe jeraha. Nimeongeza bendeji.

Alhamisi, 7 Machi
Tabibu ni mama mpole, jambo lililonizidishia hofu. Alipapasa nyuma ya goti, kisha kinenani. Akauliza, "Baba, hiki kisigino ni chako au umekiazima?" Akanichorea mguuni kwa kalamu njia za limfu, majimaji ya mwilini yanayobeba uchafu wa jeraha: ya kisigino upande wa nje hupanda nyuma ya mguu hadi tezi zilizo nyuma ya goti, ya kidole gumba hupitia ndani ya paja hadi kinenani. Goti langu lilikuwa kimya. Kinena kilikuwa kinasema. Nilieleza kwamba huenda limfu yangu ina utaratibu wake. Akaniamuru nivue soksi. Kidoleni, usaha. Ningechelewa zaidi, alisema, mguu ungekuwa hatarini. Akanipa dawa za siku saba, akaandika ukweli wote, tena kwa mwandiko unaosomeka.

Jumatatu, 11 Machi
Mtoki umenywea. Bibi Mihuri ndiye aliyepewa meza ya mapokezi. Ameniambia, "Pole na kisigino, kaka." Mimi nimepewa barua ya onyo, isiyotimia hata aya moja. Nilikwenda kumshukuru tabibu, nikauliza, kwa kujielimisha tu, jeraha la mkono hupeleka limfu wapi. Kwapani, akasema. Nimelipapasa kwapa la kulia mara nne. Kimya. Inatia wasiwasi. Hata hivyo rasimu iko tayari: "Ndugu Mkuu, kwa heshima na taadhima, nasikitika kukuarifu kuhusu kiwiko changu."