Yah: Meno ya Mama Mkwe Wangu Yaliyomo Ndani ya Buti Lenu la Mbele

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kiwanda cha Magari ya Spoti,
Huko huko mnakoyatengenezea.

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za nyumba yangu yote isipokuwa mtu mmoja, ambaye kwa sasa hawezi kutamka salamu zikaeleweka. Huyo ndiye sababu ya barua hii.

Mimi ni fundi kufuli. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na saba, na juu ya mlango wa karakana yangu pana kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUFULI LINALONISHINDA. Nimefungua masanduku ya chuma ambayo wenyewe walikwisha kuyakatia tamaa. Nimemtoa bwana harusi chooni dakika tano kabla ya kuitwa. Mtaani wananiita Fundi Fungua. Sisemi haya kwa majigambo, nasema ili ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani.

Gari lenyewe si langu. Ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo kwa miezi sita akaniomba nilitunze. Jumamosi ya wiki iliyopita nililitumia kwenda stendi kumpokea mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa siku mbili. Gari lina viti viwili tu, kwa hiyo begi kubwa alilipakata. Mkoba mdogo tuliuweka kwenye buti la mbele, kwa kuwa kule nyuma, ambako binadamu wote huweka mizigo, ninyi mmeweka injini. Ndani ya mkoba mna kikopo, na ndani ya kikopo mna meno yake ya bandia, seti kamili, ya juu na ya chini. Huwa hasafiri nayo mdomoni kwa sababu basi likipanda matuta yanamgongana.

Tulifika mvua inanyesha, tukakimbilia ndani, mkoba ukasahaulika. Mama akanywa uji, akalala. Kulipokucha gari halikuwa na umeme hata wa kuwasha taa ya mlango. Njiani kuna mtu alishusha kile kioo cha juu ya kiti ajitengeneze kilemba, na kitaa cha kioo hicho kikawaka usiku kucha. Mtu huyo simtaji. Ni mkwe.

Sasa malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Betri mmeiweka ndani ya buti la mbele. Buti hufunguliwa kwa kitufe. Kitufe kinataka umeme. Umeme unatoka kwenye betri. Betri imo ndani ya buti. Nilimweleza mama mkwe mpangilio huu mara tatu, taratibu, kwa adabu zote. Alinitazama sana, kisha akamgeukia binti yake akamwuliza kitu. Kwa kuwa hana meno sikukielewa, ila nilimsikia mke wangu akijibu, "Hapana mama, siku hizi hanywi."

2. Buti halina tundu la ufunguo. Mlango wa dereva unalo, na niliufungua kwa kile kifunguo cha chuma mlichokificha ndani ya rimoti. Kwa hilo nawapa hongera. Lakini buti nimelipapasa kwa vidole kuanzia taa ya kulia hadi ya kushoto, nimelimulika kwa tochi, nimeligonga nikasikiliza. Hakuna kitu. Ndugu Mkuu, kufuli lisilo na tundu si kufuli, ni ukuta. Kibao changu kinazungumzia makufuli, hakikutaja kuta. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandishi, sijashindwa. Hoja hii nilimpelekea mke wangu, ambaye ni karani wa mahakama na anajua maandishi. Alisema ataifikiria akimaliza kumpondea mama yake viazi.

3. Siku ya Jumanne nililala chali chini ya gari, nikapitisha mkono kwa nyuma ya gurudumu nikiutafuta waya wa kuvuta. Mkono ulipita kwenda. Kurudi ukakataa. Nilikaa pale dakika arobaini. Mama mmoja aliyekuja kuchongesha ufunguo wa kabati aliona miguu yangu imetokeza, akasoma kibao, akaitazama tena miguu, akaenda zake na ufunguo wake. Majirani walikuja na viti. Aliyenitoa ni fundi cherehani wa mlango wa pili, kwa maji ya sabuni, na alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo hadi leo sijaipenda.

4. Mama mkwe hawezi kuondoka. Anasema (mke wangu ndiye anayetutafsiria) kwamba hawezi kurudi kwake na mdomo mtupu, watu wakadhani amepigwa ukweni. Leo ni siku ya tisa ya zile siku mbili. Nyama imeondoka mezani kwetu. Asubuhi uji, mchana viazi vya kuponda, jioni supu iliyochujwa. Mimi mwenye meno yangu thelathini na mawili, yote ya kuzaliwa nayo, namumunya ndizi mbivu kwa heshima ya mkwe. Kila tukimaliza kula anainamisha kichwa anatuombea dua ndefu, na mke wangu ananong'ona tafsiri: anawaombea mafundi wote waliofika mwisho wa uwezo wao.

5. Ijumaa asubuhi nilikuta mtu ameongeza maneno kwenye kibao changu kwa chaki: ISIPOKUWA LA SHEMEJI. Niliyafuta kwa mkono wa shati. Sitakuficha, iliniuma. Nilikaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kushika tupa wala koleo. Mtu aliyeanza kazi na bisibisi moja ya kuazima hana kingine cha kujivunia ila jina, na jina langu lilikuwa kwenye kibao kile. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini hakuna anayemwandikia kinyozi chaki mlangoni.

Kuna watu wataniuliza, na mke wangu ameniuliza kila siku, kwa nini nisimpigie shemeji simu. Haya, nimpigie. Atapokea. Ataniuliza, "Vipi, shemeji?" Nami nitamjibu nini? Kuna neno ambalo ingenibidi nilitamke, na neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu, si kwa wateja, si kwa mke. Hata mwaka ule bomba la jikoni lilipotufurikia hadi magotini nilisema tu kwamba bado nalichunguza. Ndiyo maana nimeona ni rahisi zaidi kuwaandikia ninyi.

6. Kwa hayo yote, naomba kiwanda kifanye yafuatayo bila kuchelewa. Mosi, mhandisi aliyebuni buti hili aje akae sebuleni kwangu na mama mkwe kwa siku tatu, kuanzia uji mpaka dua. Pili, kila gari mlilokwisha kuuza duniani lirudishwe kiwandani lichongwe tundu; kazi ya kuchonga niko tayari kuisimamia. Tatu, mniandikie barua yenye muhuri, isomwe mbele ya majirani wakiwa na viti vyao vile vile, inayothibitisha kwamba kile si kufuli kwa maana yoyote inayojulikana na mafundi. Nne, kuanzia sasa, kabla ya kumwuzia mtu gari la spoti, mumwulize kama ana mkwe. Akiwa naye, mumwonyeshe mkwe huyo picha ya buti, atie saini. Na tano, haya yakiwashinda, basi acheni kabisa kutengeneza magari, mtengeneze masufuria. Sufuria halijawahi kumfungia mtu meno.

Nakomea hapa, maana mkono ule ulionasa umeanza kufa ganzi. Wasalimie wahandisi, wapaka rangi, mpishi wa kantini, mlinzi wa getini, na wakwe zao wote wanaotafuna bila shida. Mwambie aliyebuni kile kifunguo cha ndani ya rimoti kwamba kuna mtu huku anamheshimu.

Ni mimi, ninayeamini kwamba mtanijibu kabla viazi havijatumaliza,

Fundi Fungua,
Fundi wa makufuli, vitasa na makomeo.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nilimpa mke wangu barua aipitie, kwa kuwa barua rasmi ndiyo kazi yake. Alipofika namba ya nne alianza kucheka. Alipofika namba ya tano akaacha kucheka, akaenda kumwita mama yake.

Ndugu Mkuu, kumbe buti lilifunguliwa Jumatatu. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua waya. Mke wangu alimpigia kaka yake, kaka yake akamwelekeza: kwenye boksi la fyuzi, miguuni pa dereva, mna pini nyekundu, ivutwe, iunganishwe na betri ya gari jingine, waya mweusi ushikizwe kwenye chuma cha mlango, kisha kitufe kibonyezwe. Fundi cherehani alisogeza gari lake na nyaya zake. Ilichukua robo saa, na aliyebonyeza kitufe ni mama mkwe mwenyewe. Walitoa mkoba, wakalishusha buti likajifunga kama lilivyokuwa. Tangu siku hiyo mama amekuwa akila nyama mimi nikiwa chini ya gari, na akisikia nanawa mikono anayavua meno.

Nilikasirika mpaka nikakosa pa kukaa. Nikauliza wamenitendea hivi kwa kosa gani. Mama mkwe akajibu kwa meno yake yote, ya juu na ya chini, na kila neno lilinifikia: "Mkwe wangu, mficha uchi hazai. Binti yangu ameishi nawe miaka kumi na tisa, hajawahi kukusikia ukisema umeshindwa. Hata bomba lilipopasuka alichota maji peke yake huku wewe unachunguza. Nikamwambia, mimi siondoki hapa mpaka nilisikie neno hilo kwa masikio yangu."

Nilimtazama mke wangu. Hakuwa anacheka tena. Macho yake yalikuwa na machozi, na mimi nilikuwa sijui kwamba jambo hili lilimchosha kiasi hicho. Basi nikalisema pale pale sebuleni, nimesimama. Nilisema nimeshindwa, na kwamba naomba wanisaidie. Niliona aibu, kisha nikaona wepesi, kisha nikaletewa nyama.

Kwa hiyo namba zote sita nazifuta, na masufuria msianze kuyatengeneza kwa ajili yangu. Mama anaondoka kesho. Betri bado haina moto, na yeye anataka arudishwe stendi kwa gari lile lile, kwa hiyo muda mfupi uliopita nilimpigia shemeji mwenyewe nimwulize inachajiwa vipi. Alipopokea nilianza na lile neno, nikamwambia, "Shemeji, nimeshindwa." Halafu, kwa sauti ya chini sana, akaniuliza ni nani amefariki.