Nimeshindwa na Kipara Changu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapiga Picha kwa Filamu,
Chumba cha Nyuma, Duka la Fundi Saa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MKE WANGU KUSHINDA SHINDANO LA KILA MWEZI MARA TANO MFULULIZO KWA KUTUMIA MWILI WANGU

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na kamati yako, na meno ya wateja wako pia. Nakuandikia kama mwanachama, si kama mgonjwa, ingawa jino lile la nyuma bado linanisumbua na tutalizungumza siku nyingine.

Barua hii imenichukua wiki nzima. Nimeomba likizo kazini kwa ajili yake, na kila siku nimekaa mezani pangu karibu na dirisha tangu asubuhi hadi jioni. Rasimu sita nimezichana. Hii ni ya saba, na nimeipunguzia matusi.

Ninyi chamani mnaniita Mzee Gramu, nami sikatai, maana ndiyo kazi yangu. Nimekuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka ishirini na sita. Nikiingia buchani, mwenye bucha huvua kofia. Nikiingia kwa muuza misumari, hata redio huzimwa. Sijawahi kumpiga mtu wala kumpandishia sauti. Ni heshima tu, na heshima hiyo ndiyo ninayoililia katika barua hii.

Najua utasema aliyemleta mke wangu chamani ni mimi. Ni kweli, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Alikuwa akilalamika kwamba dawa zangu za kusafisha filamu zinanuka bafu zima, nikamwambia ajiunge ili harufu iwe yetu sote. Nikampa kamera yangu kuukuu, ile ya kutazamia kwa juu, ambayo filamu yake ina picha kumi na mbili tu. Yangu ina thelathini na sita. Niliona hapo nimeshampunguza kwa theluthi mbili. Hata filamu humpachikia mimi kila mwanzo wa mwezi, maana yeye anasema zinamharibia kucha.

Sheria za shindano unazijua: mada moja, picha moja kwa kila mwanachama, kura kwa vifuniko vya soda. Ni shindano la kirafiki, na zawadi yake ni moja tu: picha ya mshindi inatundikwa mwezi mzima kwenye kioo cha mbele cha duka la fundi saa. Kioo hicho kinatazamana na lango la soko. Soko hilo, Mwenyekiti, ndilo ninalolikagua.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa mada "Subira", mimi nilipiga picha saa ya ukutani isiyo na mishale. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikapanda tena. Mke wangu alileta picha yangu mimi, nimesimama ukumbini nje ya bafu, taulo begani, sabuni mkononi, macho mlangoni. Naomba kamati ijiulize aliyekuwa ndani ya bafu ni nani. Ni yeye, akisafisha filamu! Alinifungia nje dakika arobaini, akafungua mlango kidogo, akanipiga picha, akaufunga tena. Nilijikaza kisabuni, na sabuni yenyewe nilikuwa nayo. Subira ilikuwa yangu, sifa zikawa zake. Alipata vifuniko tisa. Saa yangu ilipata kimoja, nacho nilikitia mimi.

2. Mwezi wa "Mandhari" niliamka alfajiri nikapanda kilima cha nyuma ya tangi la maji. Soli ya kiatu ilibanduka njiani, nikaendelea. Mke wangu hakuinuka hata kitini. Alinipiga kipara kwa nyuma nilipokuwa nimeinama kutafuta ndara chini ya kochi, mwanga wa dirisha ukinijia ubavuni. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulisimama mbele ya watu ukasema hujawahi kuona kilima chenye utulivu kama kile, ukauliza kama kuna njia ya kukipanda. Mwalimu wa hesabu akakadiria urefu wake kutoka usawa wa bahari. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilikuwa nimeshaliona kovu nililoachiwa kichwani na mlango wa kabati ya jikoni, nikanyamaza, kwani kusema kungekuwa kujivua nguo hadharani. Mke wangu akasema mwenyewe, tena taratibu, kwamba kilima kile anakifahamu tangu kilipokuwa na msitu.

Mlicheka mpaka fundi saa akaangusha skrubu ambayo hajaiona hadi leo. Kilima changu cha kweli, chenye mawe na mbuzi wawili, kilipata kura mbili. Nadhani ni za mbuzi.

(Samahani kwa doa la wino hapo juu. Nimeshtuliwa na mlio mdogo nyuma yangu. Nilipogeuka nimemkuta mke wangu anafuta vumbi.)

3. Mwezi wa "Mwendo" nilikuwa nimelala kwenye kochi. Aliiweka kamera juu ya rundo la vitabu akaiacha wazi nusu dakika. Redio imetoka vizuri, kikombe kimetoka vizuri, hata nyuzi za soksi zangu zinahesabika. Tumbo peke yake ndilo limetoka kama wingu. Sina la kuongeza.

4. Mwezi uliofuata mada ilikuwa "Vitu Visivyo na Uhai". Niliipendekeza mimi, na niliipigia kura kwa mikono yote miwili. Nilijiambia hapa amepatikana. Mimi ni kiumbe hai, cheti cha kuzaliwa ninacho. Nikapiga picha matofali yangu kwa amani ya moyo. Akaleta picha ya meza yetu: kushoto bakuli, kulia birika, katikati mimi, nikimsikiliza mama mkwe akieleza mapazia aliyoyaona kwa jirani yake. Niliweka pingamizi papo hapo. Kamati ikaenda faragha dakika tano, ikarudi na uamuzi kwamba, kwa kadiri picha inavyoonyesha, hakuna dalili. Neno hilo, "hakuna dalili", limo katika kumbukumbu za kikao. Mama mkwe ameomba nakala na ameitundika sebuleni kwake.

5. Hili la tano limeniumiza, Mwenyekiti, na nasema wazi kwamba limeniumiza. Mada ilikuwa "Usawa". Chama kizima kilinigeukia, maana nani asiyejua kwamba usawa ni kazi yangu? Nilileta mizani ya shaba ya ofisini, nikaing'arisha kwa siku mbili, nikamaliza filamu nzima juu yake. Ilikuwa picha nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa picha nzuri.

Mke wangu alileta ya bafuni. Daktari, si wewe bali yule wa mwili, alinitaka nipungue, basi kila Ijumaa napanda ile mizani ndogo ya sakafuni. Katika picha nimesimama wima na fulana yangu, tumbo nimelivuta ndani, uso umetulia kama wa hakimu. Na pembeni chini, mahali nilipoamini hakuna jicho linalofika, kidole changu kimoja kimeegemea kizingiti cha dirisha. Kidole kimoja tu! Kinapunguza kilo mbili na nusu, nimeshakipima.

Picha hiyo ikatundikwa mbele ya lango la soko. Jumatatu nilipoingia buchani, mwenye bucha hakuvua kofia. Aliweka nyama juu ya mizani, akaweka kidole chake chini ya sahani, akaniuliza kwa adabu kubwa kama ni kidole hicho au cha pili yake. Wateja walivunjika mbavu. Muuza misumari hazimi tena redio, anaongeza sauti. Wanawake wa kwenye mboga wananiinulia kidole kutoka mbali, kama salamu. Miaka ishirini na sita, Mwenyekiti, nimeijenga heshima yangu gramu kwa gramu, na imebomolewa kwa picha moja ya kamera niliyoitoa bure mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu hata nguo hanisubirii nivae.

Kwa sababu hizo, naiomba kamati yako yafuatayo:

(a) Itamkwe rasmi kwamba mshindi wa picha ni aliyemo ndani ya picha. Kamera haikungoja nje ya bafu, nilingoja mimi. Kamera haikusikiliza habari za mapazia.

(b) Ushindi wote wa mara tano uhamishiwe kwangu. Natambua kwamba miezi yote hiyo mimi pia nilikuwa mshindani, kwa hiyo nitakuwa nimejishinda mwenyewe. Niko tayari kujipa mkono mbele ya wanachama na kujiambia nisikate tamaa.

(c) Nitangazwe kuwa eneo la hifadhi. Anayetaka kunipiga picha aombe kibali cha kamati kwa maandishi siku saba kabla, akitaja upande. Kipara kiwe na kibali chake peke yake, kwa kuwa kimeshasajiliwa kama kilima.

(d) Mke wangu ashauriwe kupiga picha watu wengine. Mji umejaa watu, na baadhi yao hawana la kufanya.

(e) Mwezi huu ambao mada ni "Uzuri", apigwe marufuku kabisa kunielekezea kamera, iwe kwa mbele, kwa nyuma au kwa juu. Nisionekane kwenye kioo kile hata unywele, kama upo.

(Doa lingine, samahani. Safari hii alikuwa anamwagilia maua. Sikumbuki kama tuna maua.)

Nikikosa haki katika haya, nitajiuzulu. Na nikijiuzulu ninaondoka na bafu langu, ambalo sote tunajua ndilo chumba cha giza cha nusu ya wanachama wako. Fundi saa aoshee wapi filamu zake wakati huo, ndani ya bilauri? Sipendi kufika huko, lakini mtu mzima akitolewa nishai mara tano hulazimika kushika alichonacho, na mimi nimebaki na bafu.

Nisalimie kamati yote, mmoja mmoja. Msalimie fundi saa, natumai skrubu itaonekana. Msalimie mwalimu wa hesabu na umwambie urefu ule si sahihi, mimi ni mfupi zaidi. Mama mkwe akija kung'olewa lile jino lake, mfikishie salamu zangu na umthibitishie kwamba ninapumua.

Wako katika mwanga na katika giza,

Mzee Gramu
Mkaguzi wa Mizani
(Mshindi mara tano, kwa maoni yangu)

Nyongeza: Mwenyekiti, nilikuwa nimeshalamba gundi ya bahasha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Sasa hivi mke wangu amepita mbele ya meza yangu na kamera shingoni, amevaa viatu vya kutokea. Nimemuuliza kwa utulivu anakwenda wapi. Anasema anakwenda kwa mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara, eti mlangoni pa tanuri lake pana mwanga mzuri.

Mwoka mikate! Ikiwa ni subira, mimi. Ikiwa ni vitu visivyo na uhai, mimi. Mada ikifika "Uzuri", mwoka mikate! Mtu ana unga mpaka kwenye nyusi! Miaka thelathini nimeishi na mwanamke huyu, na sijawahi kudharauliwa namna hii. Naomba kipengele (d) na kipengele (e) mvifute, na (c) mkisome kwa upole.

Filamu ya mwezi huu niliipachika mimi wiki hii hii ilipoanza, na jana niliitazama namba ya nyuma ya kamera: imebaki picha moja tu. Kumi na moja nyingine sijui amezimalizia wapi, kwa sababu wiki nzima hajatoka nje, na humu ndani hamna cha kupiga picha, tulikuwa sisi wawili tu, mimi nikikuandikia wewe. Basi nakusihi, wewe au mwanachama yeyote akimkuta njiani, mrudisheni kabla hajaifyatua hiyo iliyobaki. Mwambieni nimevaa shati jeupe na nimekaa pale pale dirishani, na mikono yote miwili iko mapajani, sijaegemea kitu.