Kiswidi cha Sofani

Jumatatu, 8 Aprili
Wazo limenijia! Alhamisi ya wiki ijayo ni Siku ya Kazi za Wanafunzi. Kila mmoja wetu wa shahada ya kwanza atasimama mbele ya bango lake aeleze alichogundua. Mimi sijagundua kitu. Halafu Ijumaa yake nina mtihani wa Kiswidi, ambao hapa Finland bila kuufaulu hupati shahada. Nimeshaanguka mara mbili. Basi nitajifunza Kiswidi nikiwa nimelala, na usingizi wangu ndio utakuwa utafiti! Sijui kwa nini dunia imechelewa hivi.

Jumanne, 9 Aprili
Nimeanza. Sofa ya jikoni, baada ya chakula cha mchana. Simu kifuani, mwanamke anasoma Kiswidi taratibu kama anayebembeleza mtoto. Nje theluji ya mwisho inayeyuka paani, tone, tone. Nikaota naelea chali katika Mto Aura, barafu imeondoka, bata wamenizunguka. Wote wanaongea Kiswidi. Nawaelewa! Wananiuliza bei ya viazi, nawajibu. Nimeamka saa kumi na moja jioni. Nakumbuka viazi tu, tena kwa Kifini.

Alhamisi, 11 Aprili
Hilla kalalamika. Tunashiriki jiko naye. Anasoma biolojia, kahesabu sisimizi miezi minane, bango lake liko tayari tangu Februari. Watu wa namna hii wanachosha. Kiswidi lakini kinamshinda kama mimi, hilo linanifariji. Kasema yule mwanamke wa kwenye simu anamkera wakati anaosha vyombo. Nikamjibu kwamba sayansi haisimami kwa ajili ya sufuria.
"We Topias," akasema, "sufuria zenyewe ni zako."
Sikuona uhusiano.

Jumamosi, 13 Aprili
Saa nne mfululizo! Bata tena. Leo kulikuwa na mwanamke ukingoni, anagombana nao vikali kwa Kiswidi safi. Sauti kama naijua. Maji vuguvugu, mawingu ya rangi ya maziwa. Sikutaka kuamka.

Jumatano, 17 Aprili
Bango limekamilika. Lina grafu moja: saa za kulala na kiasi cha raha. Mstari unapanda vizuri sana. Nimeutazama mpaka nikasinzia.

Alhamisi, 18 Aprili
Watu walijaa kwangu! Hilla na sisimizi wake, meza ya pili, wakapata wageni watatu. Wawili walikuwa wazazi wake. Kisha akaja Mwalimu Ahola, anayetufundisha Kiswidi, kikombe cha kahawa mkononi. Kasoma bango lote. Kaniuliza swali kwa Kiswidi. Sentensi ndefu, nzuri, ikapita juu yangu kama wingu. Nikatabasamu. Akarudia. Nikatabasamu zaidi.
Hilla akajibu kutoka mezani kwake. Akaulizwa la pili, akalijibu nalo. Akatia na utani, Mwalimu akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akamuuliza kajifunzia wapi.
"Kwenye sinki," Hilla akasema. "Yule mwanamke wa Topias kila siku ananiuliza maswali ya kijinga, nikawa namjibu. Akanishinda, nikaenda kwenye kamusi. Siwezi kushindwa na simu, mimi!"
Makofi. Wazazi wake wakafuta machozi. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba nimegundua jambo la kweli bila kujua: anayejibu ndiye anayejifunza. Niliandike hilo. Sauti yake ilikuwa laini. Nikaitikia kwa kichwa, macho yakiwa dirishani.

Ijumaa, 19 Aprili
Mtihani. Jua lilipiga mezani kwangu. Bata wamenisalimia.

Jumatatu, 22 Aprili
Matokeo: Hilla kafaulu. Mimi nimeanguka mara ya tatu. Iliniuma, sitadanganya. Nimelala sakafuni nikifikiri, mwisho nikaona kosa lilipo. Hilla alisimama kati ya simu na sofa! Maneno yaliishia kwake, mimi yakanifikia makapi. Basi muhula ujao ni mtihani wa takwimu, na nitalala kwenye benchi la sauna, mle kwenye mvuke, hakuna wa kuyazuia maneno. Nimemwomba Hilla akae mlangoni anisomee fomula, maana simu haivumilii joto. Kakubali haraka ajabu. Kauliza tu kama anaweza kuzisoma kwa sauti, na kukokotoa mifano yote mwenyewe. Nimemruhusu. Masikini, hajui anavyojichosha bure.