Tepe ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Basi la watoto wa kambini lina sheria za kijinga. Unakaa kwa cheo cha baba yako! Wa masajini dirishani, wa makoplo wasimame. Baba ni koplo, tepe mbili. Mwaka mzima ugenini na nchi ya watu sijaiona, naona kisogo cha Masikio tu, mtoto wa sajini jirani. Leo kaniuliza eti mzee wangu atapanda cheo lini, au mvi zitangulie? Basi zima kicheko. Nikamjibu keshokutwa. Sijui kwa nini nilisema keshokutwa.

Jumanne, 5 Machi
Mama kaninong'oneza: jina la baba limo kwenye orodha ya kupandishwa cheo, litasomwa Ijumaa. Kangoja miaka tisa, tuombe asiharibu mtu. Nani aharibu? Ila Ijumaa ni mbali na mimi nimeshaahidi. Nimekata pazia la jikoni, njano ileile ya tepe, nikalishona kwenye gwanda la baba. Mkono mmoja tu, uzi uliisha. Kuna ua dogo la pazia limebaki. Kwa mbali huoni. Fundi hasa!

Jumatano, 6 Machi
Baba kavaa mbiombio, hata hakujitazama. Kapita kando ya basi na tepe zake tatu. Masikio kanipisha dirishani, kaniita kaka! Kumbe njiani kuna mto!
Jioni baba karudi mdogo kama kapigwa pasi. Kamanda kaliona ua. Kamuuliza ni jeshi gani hili ambalo vyeo vinachanua. Baba kasema hana habari. Kamanda kasema askari asiyejua kilicho mkononi mwake asipewe hata ufagio.

Ijumaa, 8 Machi
Orodha imesomwa. Baba hayumo. Na tepe moja kati ya zile mbili wameing'oa, tena tunahamishwa. Hakunichapa. Kakaa mezani na wembe, anafumua uzi wangu polepole. Bora angenichapa. Mama kaniuliza, mwanangu, siku mbili tu zilikushinda? Nikamwambia tatizo ni lile ua.

Jumapili, 31 Machi
Kambi mpya, nchi nyingine, basi lilelile. Watoto wa tepe moja hupanda mwisho, karibu na tairi la akiba. Kuna mmoja mtoto wa kapteni, anajidai! Kisa baba yake ana nyota tatu begani.
Nimelikagua pazia la sebuleni. Halina ua hata moja.
Lina nyota tupu.