Mjumbe wa Pande Zote Mbili

Jumatatu moja ya kiangazi, Shirika la Kuwakilisha Wenye Ardhi wa Bonde la Warrabilla lilitangaza kwa furaha kubwa kwamba limepata ardhi.

Ardhi yenyewe ilikuwa Kona ya Pelikani, pale mto unapopinda nje kidogo ya mji. Juu yake lingejengwa jumba jipya la Shirika, lenye vyumba vya mikutano vya kutosha na uwanja wa kuegesha magari ya wataalamu watakaokuja kuwatetea wenye ardhi. Ni kweli kwamba Kona ya Pelikani ilikuwa na wenyewe. Hilo halikuonekana kuwa kikwazo. Wenyewe walikuwa wakiwakilishwa na Shirika, na Shirika halikuwa na pingamizi.

Mkurugenzi Mkuu, Bwana Graeme Pettifer, alilisoma tangazo akiwa juu ya kreti la maziwa mbele ya ofisi ya zamani. Alieleza kwamba pango la ofisi hiyo linaisha Ijumaa, kwamba mwenye nyumba amekwisha kumpangisha mwoka mikate, na kwamba Ijumaa hiyo hiyo madawati yatahamia Kona ya Pelikani, chini ya mahema ya muda. Wafanyakazi walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Clifton Bassett, Mratibu Mwandamizi wa Mashauriano.

Clifton alikuwa mwenyeji wa asili wa hapo hapo, mwana wa mto ule. Kitambulisho cha kazi kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake hata kwenye mechi za mpira. Aliyaamini mashauriano kwa moyo wake wote. Aliyapenda hasa yale ambayo uamuzi wake ulikuwa umekwisha kutoka, kwa kuwa hayo hayakuwa na ugomvi.

Jioni alikwenda kula kwa shangazi yake Merle, kama kawaida. Shangazi Merle, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, alikuwa barazani akicheza karata na mdogo wake Dot juu ya blanketi.

"Karibu, serikali," alisema Merle bila kuinua macho.

"Shangazi, mimi si serikali. Sisi ni shirika linalojitegemea, linalofadhiliwa na serikali."

"Dot, umesikia? Anajitegemea. Hebu mpe sahani yake."

Dot alimpakulia mkia wa kangaruu uliookwa majivuni. Clifton alitangaza habari njema za Kona ya Pelikani, akieleza vyumba, mahema na lami. Karata zilisimama.

"Mlituuliza lini?" Merle alisema.

"Mliulizwa, Shangazi. Shirika liliwauliza wawakilishi wenu."

"Wawakilishi wetu ndio akina nani?"

Clifton aliutafuna ule mkia kuliko ulivyohitaji kutafunwa. "Shirika," alisema.

Dot alicheka mpaka karata zikamponyoka. Merle hakucheka.

"Baba yako alizaliwa pale Konani," alisema. "Na mimi. Na huyu Dot mwenye meno nje. Hospitali ya mji ilikuwa haipokei watu weusi kama sisi, mama akajifungulia pale mchangani. Sasa mnataka kuegesha gari kitandani kwa bibi yako?"

"Si kitandani hasa, Shangazi. Ramani inaonyesha..."

"Kamwambie huyo Pettifer hatutaki."

"Haiendi hivyo. Kuna utaratibu. Wenye ardhi wakiwa na pingamizi wanalileta kwa Shirika, halafu Shirika linawawakilisha dhidi ya mjenzi."

"Vizuri sana. Si wewe ni Shirika? Tumekwisha kulileta. Malizia kula, kisha utuwakilishe."

Asubuhi Clifton alimpelekea Mkurugenzi taarifa kwamba wenye ardhi wanalitaka Shirika liwatetee dhidi ya Shirika. Alitegemea balaa. Bwana Pettifer hakutikisika hata kidogo. Mtu mdogo angeona hapo mgongano wa maslahi. Yeye aliona ufanisi.

"Sheria inataka kila upande uwe na mjumbe," alisema. "Mwanasheria wetu wa mwisho amehamia kampuni ya migodi kutafuta uzoefu. Umebaki wewe. Basi utawakilisha pande zote mbili."

"Zote, bwana?"

"Wewe ni ndugu yao na mtumishi wetu. Nitapata wapi mtu asiye na upendeleo kama wewe?"

Clifton alijisikia kukua kidogo. Maagizo yalitolewa papo hapo. Akiwa upande wa Shirika atavaa shati la buluu lenye nembo. Akiwa upande wa wenye ardhi atavaa hilo hilo shati, pamoja na kofia yake pana ya mchunga ng'ombe. Na ili haki itendeke, alikatazwa kabisa kujipa habari zozote za siri kuhusu upande wa pili.

Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Jumanne alimwandikia mjumbe wa wenye ardhi barua pepe ya heshima, akimwomba wakutane. Jumatano mjumbe huyo alimjibu kwamba muda aliopewa ni mfupi mno na lugha aliyotumia ni ya kibabe. Clifton aliumia kidogo kusoma vile. Alijijibu kwa upole, akajisamehe, na mkutano ukawekwa Ijumaa, Konani penyewe, kwa kuwa viti vya ofisi vilikuwa vimekwisha kufungwa kamba.

Siku ya siku, meza ya plastiki iliwekwa mchangani na viti viwili vikatazamana. Nyuma ya kiti kimoja alisimama Bwana Pettifer na wafanyakazi wake, wakipunga nzi kwa mafaili. Nyuma ya kingine walikaa Merle, Dot na ukoo mzima, wakiwa na mablanketi, watoto, mbwa na birika la chai lililowekwa motoni. Pelikani walikuwa majini wakiendelea na shughuli zao bila mjumbe.

Clifton alianza upande wa Shirika. Alifungua faili, akakohoa.

"Shirika linatambua, kwa unyenyekevu mkubwa, uhusiano wa kina uliopo baina ya wenye ardhi na ardhi yao," alisema. "Na kwa kuutambua uhusiano huo, linapendekeza kuuwekea lami."

Bwana Pettifer alitikisa kichwa kwa kuridhika. Clifton aliinuka, akaizunguka meza, akavaa kofia na kuketi upande wa pili. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, maana hakuwa amefikiria kwamba kutokea kile kiti mtu anauona mto. Nyuma yake alisikia Shangazi Merle akipuliza chai. Mbele yake kilikuwepo kiti kitupu chenye mambo mengi ya kujibu.

"Ahsante, bwana," alikiambia kiti. "Unasema vizuri. Nani alikufundisha kuogelea?"

Clifton alivua kofia, akazunguka meza, akaketi.

"Swali hilo halihusiani na ajenda," alisema.

Alizunguka tena. "Linahusiana. Jibu."

Akazunguka tena. "Shangazi Merle," alikiri.

"Wapi?" aliuliza alipokwisha kurudi upande wa pili, akihema sasa.

"Hapa," alijibu. "Pale penye mti ulioanguka. Alinishika kidevu. Nilikunywa nusu ya mto."

"Ukautapika juu yangu!" alipiga kelele Dot, na ukoo mzima ukaangua kicheko. Hata mhasibu wa Shirika alicheka, kisha akaangalia chini.

Clifton hakucheka. Alikwenda, akavaa kofia, akaegemea meza. "Na baba yako, bwana? Yeye alizaliwa wapi?"

Safari hii alipofika kwenye kiti cha Shirika alipitisha macho kwenye faili. Lilikuwa na jibu la mafuriko, jibu la vyombo vya habari na jibu la mazingira. La swali lile halikuwemo.

"Naomba mapumziko," alisema.

Alizunguka meza. "Nakupa," alijibu. "Hata mimi nimechoka."

Bwana Pettifer alimvuta pembeni, nyuma ya gari. "Clifton, wewe uko upande wa nani?"

"Sasa hivi, bwana? Niko mapumzikoni."

"Sikiliza. Rudi pale ukashinde."

"Upande upi, bwana?"

"Wetu!"

Clifton alirudi nyuma hatua moja. "Hilo nisingependa kulisikia, bwana Mkurugenzi. Nikilisikia mimi, yule mwingine naye atajua, na maagizo yako yalikuwa wazi."

Chai ilipokwisha kunywewa, alirudi kwenye kiti cha Shirika kwa mara ya mwisho. Aliunyoosha ukosi wa shati la buluu. Sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye warsha.

"Shirika lina msimamo mmoja unaojulikana, nao umechapishwa kwenye vikombe vyetu vyote: mwenye ardhi akisema hapana, ni hapana. Baada ya mashauriano ya kina na mimi mwenyewe, Shirika linaondoa ombi lake, linakubali kushindwa, na linalipongeza Shirika kwa ushindi."

Alijipa mkono, wa kulia ukaushika wa kushoto. Ukoo ulipiga vigelegele, mbwa wakabweka, na Dot akacheza mpaka kiatu kimoja kikaangukia majini. Mhasibu alinong'ona kwamba, kwa kadiri anavyokumbuka, hiyo ndiyo kesi ya kwanza Shirika kushinda. Itabidi iingie kwenye taarifa ya mwaka, ukurasa wa mbele, na picha ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anatazama barabarani. Lori lilikuwa linakuja katika vumbi jekundu, limebeba madawati, makabati na mashine ya kutolea nakala. Dereva alishuka akauliza ashushie wapi. Aliambiwa angoje. Alisema hangoji, ana ng'ombe wa kwenda kubeba. Kule mjini, mwoka mikate alikuwa tayari ofisini anapima mahali pa jiko.

Kwa mara ya kwanza tangu aje katika bonde lile, Bwana Pettifer alimtafuta Merle kwa macho. Alivua miwani ya jua.

"Shangazi," alisema, neno ambalo halikuwahi kumtoka. "Kwa muda tu. Kijipembe kidogo."

"Una ardhi, mwanangu?"

"Sina."

"Una wa kukuwakilisha?"

Bwana Pettifer alimgeukia Clifton. Clifton alikuwa amelivua shati la buluu, amelitundika kwenye kiti, na anachota maji ya birika la pili.

"Masikini," alisema Merle. "Dot, tuunde kamati."

Kamati ya Kuwapokea Wasio na Ardhi iliundwa pale pale, na Dot, mguu mmoja peku, akawa mwenyekiti. Alimketisha Mkurugenzi kwenye kile kiti cha plastiki, akaonyesha dawati kubwa zaidi lorini.

"Lile ni lako?"

"Ndiyo."

"Thibitisha. Kabla yako lilikuwa la nani?"

"La... mkurugenzi aliyenitangulia."

"Na kabla yake?"

"Sijui. Ni dawati la dukani."

"Wimbo wake mnaujua? Sisi kwenye ombi letu la ardhi mlitudai wimbo wa kila kilima."

"Dawati halina wimbo!"

Dot aligonga ulimi kwa masikitiko, akawageukia wajumbe. "Uhusiano umekatika," alisema, na wajumbe wakaguna kwa huzuni ya kiofisi.

Hata hivyo kamati ilikuwa na huruma. Iliamua kwamba Shirika liruhusiwe kushusha vitu vyake ukingoni kule kwenye nzi wengi, bila kuchimba, bila kukata kitu na bila kuegesha, wakati ombi lake likiendelea kushughulikiwa. Wafanyakazi walianza kubeba makabati. Clifton alishika upande wa mashine ya kutolea nakala, kwa kuwa ilikuwa nzito na yeye si mtu mbaya.

"Litashughulikiwa kwa muda gani?" aliuliza Bwana Pettifer.

Merle alifikiri. "Ombi letu la ardhi mlituambia tungoje kidogo tu, linakaribia kujibiwa. Wakati huo Clifton alikuwa hajaota meno."

Mkurugenzi alimtazama Clifton, ambaye mvi zilikuwa zimekwisha kumpanda juu ya masikio. Kisha alikivuta kiti chake mpaka kwenye maji, akaketi. Dot alimletea mshipi na chambo.

"Ukipata samaki," alimwambia, "usimle kwanza. Kutakuwa na mashauriano."