Baiskeli Nyekundu ya Zamu

Jumatatu, 4 Machi 1996
Jumamosi hii zamu yangu tena! Ya tatu mfululizo! Majokofu ya chanjo tunayalinda mafundi watatu, lakini umeme wa Ifakara ukikatika Jumamosi, wa kuwasha jenereta ni mimi Venance tu. Na Jumamosi hiihii natakiwa Kiberege, kujitambulisha kwa wazazi wa Fausta. Baba yake ameshasema nisipotokea, kuna mwalimu anasubiri.

Nikalalamika kwa mkuu wetu, Mama Scolastica. Akafungua daftari. Kumbe mbili za nyuma nilibadilishana mwenyewe: moja na Tadei nikaangalie mpira, nyingine na Mashimba nikalale. Akasema ratiba yake ni ya haki, tatizo ni mimi. Mwanamke anaandika kila kitu!

Jumatano, 6 Machi
Tadei hataki kubadilishana. Mashimba amecheka mpaka akakaa chini. Sawa.

Nimewaza. Mafundi hatuna simu majumbani. Umeme ukikatika, mlinzi Damiani hasomi ratiba. Anatafuta baiskeli nyekundu ya ofisi, ambayo fundi wa zamu hulala nayo. Ilipo baiskeli, ndipo ilipo zamu. Mimi ni kichwa jamani.

Ijumaa, 8 Machi
Jioni nimeipeleka kwa Tadei. Hayupo, yuko kwenye mpunga wake. Nikamwambia mkewe, Agnetha, kwamba ina pancha, naomba aniwekee. Nikaiegemeza mbele kabisa, ionekane barabarani. Nimerudi kwa miguu napiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi
Siku gani hii!

Basi la asubuhi limekwama kwenye tope. Mjomba Emanuel, mshenga wangu, alishatangulia Kiberege tangu jana. Nikazunguka mji mzima kuazima baiskeli. Hakuna. Nikakumbuka kwa Tadei kuna moja! Agnetha akauliza kama pancha imepona yenyewe. Nikasema ndiyo, nawahi Kiberege, nikakanyaga.

Nimefika na tope mpaka masikioni. Shikamoo baba, shikamoo mama. Kuku akaletwa. Sijamaliza paja, Land Rover ya ofisi ikaingia uwanjani. Akashuka Damiani, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. Agnetha alikuwa amemwelekeza.

“Fundi wa zamu,” akasema, “umeme hakuna tangu saa nne.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Fridolin, baba yake Fausta, akauliza polepole kama gari lote lile limemfuata huyu kijana. Damiani akajibu kwamba bila huyu, chanjo zote zinaharibika.

Mzee akanawa mikono. “Yule mwalimu hajawahi kufuatwa hata na punda,” akasema. “Emanuel, tumekubali.”

Saa nane na nusu jenereta ikaunguruma. Vipimajoto vilionyesha chanjo bado salama. Nimekaa chini kwenye sakafu nikapumua. Nina mchumba, nina kazi, chanjo nzima. Asante Mungu!

Jumatatu, 11 Machi
Mama Scolastica amenisema saa nzima. Kisha ratiba mpya: kila fundi wiki nzima, kwa mzunguko, Tadei, Mashimba, mimi. Kubadilishana marufuku. Nimeipokea kwa mikono miwili. Hatimaye haki! Nimetubu kabisa, na nimemwambia hivyo.

Mzee Fridolin hataki kuchelewa. Harusi Jumamosi, 20 Aprili. Nimehesabu kwenye ratiba mara mbili. Wiki yangu.

Si neno. Mbele ya nyumba ya Mashimba pana uwanja mzuri sana, na unaonekana barabarani.