Waya wa Katembo

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa anayouza Evas haijachemka. Aliyeileta ni Tsongo, mbadilishaji pesa wa mpakani, ambaye Bwera nzima humwita Redio kwa kuwa hazimwi. Alisema Aaron, fundi wa nguzo, alirushwa na umeme jana alasiri akaanguka, naye amelazwa Kasese mkono umeungua na mguu umevunjika. Na jambo la ajabu, mji wote haukuwa na umeme wakati huo.

Katembo alikuwa ameketi pembeni mwa benchi, mguu juu ya mguu, kama kawaida yake. Alitoka Butembo miaka tisa iliyopita, akafungua duka la samaki wa barafu wanaotoka Hamukungu, na tangu aliponunua jenereta kubwa kijiwe kilimwita Bilionea. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Dharau ilianza na Aaron mwenyewe. Redio alisema lazima alikuwa amekunywa. Evas, huku akipuliza makaa, akasema wanaume wa siku hizi hupanda nguzo kama wanaopanda kitanda, bila kutazama kuna nini.

Oyet aliwakatiza. Huyu aliwahi kuwa fundi umeme wa mgodini kwa miaka ishirini, na wao humwita Profesa kwa kumdhihaki. Alisema Aaron aliupima ule waya akaukuta umekufa, ndipo akapanda. Waya ulifufuka yeye akiwa juu. Mtu fulani huko chini aliwasha jenereta nyumba yake ikiwa bado imeungana na nguzo, umeme ukatoka ndani, ukapita kwenye mita, ukamfuata Aaron.

Basi dharau ikahama kwa huyo mtu. Redio alisema hata mbuzi hujua mlango wa kuingilia na wa kutokea. Evas alisema mtu huyo atakuwa amezaliwa kichwa kikiwa cha mwisho kutoka. Lakini hakuna aliyemfikia Katembo.

"Mutu wa vile hana hata akili ya kuku," alisema. "Bamulete hapa, bamupandishe ku ile nguzo, halafu bamuwashie."

Wakacheka. Oyet hakucheka. Aliendelea kueleza kwamba wajinga wa namna hiyo huwa na waya wenye plagi pande zote mbili: moja wanaichomeka kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka nao wanajiona wajanja. Na jana mti ulikuwa umekata waya unaokwenda mitaa mingine yote, kwa hiyo umeme uliomrusha Aaron ulitoka mtaa wa chini, ule wa nyuma ya kanisa.

Katembo akakiweka kikombe benchini. Duka lake liko nyuma ya kanisa.

Waya huo alikuwa nao. Bright, fundi aliyemfungia taa dukani, alimwambia zaidi ya mara moja aweke chenjiova, ile swichi kubwa ya kuchagua kati ya umeme wa nguzo na wa jenereta. Katembo alimjibu kwamba hiyo ni swichi ya watu wasioamini kumbukumbu zao. Yeye angezima swichi kuu kwa mkono wake, kisha awashe jenereta. Na siku zote alifanya hivyo. Lakini jana samaki walikuwa wanayeyuka na wateja wanalalamika. Aliukumbuka vizuri mkono wake ukivuta kamba ya jenereta. Aliutafuta ukiwa kwenye swichi kuu, hakuuona.

Redio akampiga begani. "Bilionea, wewe iko na jenereta. Tuambie, mutu anaweza fanya bujinga ya vile?"

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku.

"Ni mimi," alisema.

Walicheka tena, wakidhani ni mzaha. Ikabidi aseme mara ya pili, na safari hii walimtazama usoni.

Redio ndiye aliyepata ulimi kwanza, akamwaga yote. Alisema magamba ya samaki yamempanda Katembo mpaka machoni, kwamba amevuka mpaka na pesa akaisahau akili ng'ambo. Evas alichukua kikombe cha Katembo, kikiwa bado nusu, akakimwaga mtaroni.

Oyet akasimama. "Twende tutoe hiyo kitu kwanza," alisema. "Matusi itangoja."

Waliuchomoa waya, Oyet akaukata vipande kwa koleo. Siku tatu umeme wa nguzo haukurudi na jenereta ilikaa kimya, samaki wakaoza, na harufu yao ikawa kicheko cha mtaa mzima. Siku ya nne Bright alikuja na chenjiova. Aliifunga kati ya mita na sanduku la fyuzi, akashindilia ardhini fimbo ya shaba ya kumeza umeme unaovuja, na jenereta akaihamishia nje, mbali na madirisha, maana moshi wake nao huua. Oyet alimshika Katembo mkono akamwonyesha: mpini juu ni nguzo, chini ni jenereta, katikati ni giza. Viwili kwa pamoja haiwezekani.

"Hii haiulizi kama unakumbuka," alisema.

Kisha Katembo akaenda Kasese. Alisimama kando ya kitanda akasema yote bila kujitetea.

"Pole yako nimesikia," alisema Aaron. "Mimi nikipona nitapanda tena. Nenda nyumba kwa nyumba, utafute wenzako wenye waya kama huo."

Akaenda, Oyet akiwa pamoja naye. Watu walimcheka milangoni, wakamwita muuaji wa mafundi, wengine wakamfungia mlango. Aliendelea kubisha. Mpaka Jumamosi alikuwa amekusanya nyaya mbili.

Nyumba ya mwisho mtaani ilikuwa ya Tsongo, yule Redio. Mwenyewe hakuwepo; mkewe, Marlène, ndiye aliyefungua. Katembo alieleza anachotafuta. Marlène akaingia ndani, akarudi na waya mrefu wa jenereta yao ndogo, uliokunjwa vizuri, una plagi huku na huku.

"Iko hii," alisema. "Lakini mushike polepole. Tsongo anakatazaka batoto basiiguse. Anasema iko na hatari."